Shingo ya Ng'ombe na Mkono wa Mtu

Hospitali ya Misheni, kando ya Ziwa
7 Machi 1948

Kwa Tata Ombui wa Magwagwa, kwa mkono wa Mzee Osman Salat, mwenye bucha, Kisii mjini.

Tata,

Nakusalimu wewe na Mama. Mzee Osman anayekusomea nampa shikamoo yake mapema, kwa sababu leo nina hasira na naogopa nitasahau adabu huko mbele.

Umenitia aibu, Tata. Najua mtoto hamwambii mzazi wake hivyo, lakini jana nimelia mchana kutwa, na leo sina nguvu ya kukuficha.

Juzi darasani Sista alimlaza mwenzetu mmoja juu ya meza, akamfunga kitambaa chekundu mkononi, akasema: huyu amekatwa na panga, damu inaruka, ninyi mko peke yenu, mtafanya nini? Wenzangu wakatazamana. Mimi nikainua mkono kabla ya wote. Kwa nini nisiinue? Mimi ni binti wa Ombui, ambaye toka Magwagwa hadi Ekerenyo hakuna mtu anayemtoa ng'ombe damu bila kumwita yeye kwanza. Nimekushikia kibuyu tangu nilipoweza kukishika. Nimeona unavyoizungushia shingo ya ng'ombe ukanda wa ngozi, mshipa unatuna, unauchoma kwa ule mshale wako wenye ncha fupi, damu inamiminika, na kibuyu kikijaa unalegeza ukanda, damu inakoma, ng'ombe anarudi kula nyasi. Basi nikamjibu Sista kwa sauti: nitalegeza kila kinachombana, na damu itakoma yenyewe.

Sista akasema, "Umeshamwua." Darasa zima likaangua kicheko. Sasa naitwa Daktari wa Ng'ombe, hata na wapishi.

Tangu niingie kanisa pale Nyanchwa sinywi tena damu, na hilo tulilizungumza, tukakosana, tukapatana. Lakini kazi yako sijaacha kujivunia hata siku moja, ndiyo maana inaniuma. Niambie, Tata, kwa nini njia inayomponya ng'ombe inamwua mtu? Au ulinifundisha uongo?

Mzee Osman, kuanzia hapa tafadhali soma kwa macho tu. Mwezi wa Juni daktari mkubwa atatupima kwa mdomo, mmoja mmoja, juu ya moyo na mwendo wa damu mwilini. Sista amenionya kwamba nikileta tena mambo ya zizini nitafunga sanduku langu nirudi kwetu. Nawe unajua Tata amewatangazia wazee wote kwamba binti yake atakuwa muuguzi wa kwanza kutoka upande wetu. Nikirudi mikono mitupu, atakayeaibika ni yeye kuliko mimi. Usimwambie.

Binti yenu,
Tryphosa Mokeira


Kisii mjini
19 Machi 1948

Mokeira,

Mimi Ombui nasema, Osman anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asitie sukari.

Nimesikia yote. Na yale ya kusoma kwa macho nimeyasikia pia. Osman alipofika pale mdomo ulinyamaza na macho yakaendelea kutembea. Nikamjua, maana ndivyo anavyofanya mtu anayeniuzia ng'ombe mwenye mguu mbaya. Nikamwambia, soma. Akasoma.

Sikukufundisha uongo. Ng'ombe niliowatoboa wangejaza uwanja wa soko la Magwagwa na wengine wakasimama barabarani, na hakuna hata mmoja aliyefia mkononi mwangu. Baba yangu alitoboa, na baba yake alitoboa. Huyo Sista ametoboa wangapi? Watu wa Osman hapa mjini wana neno lao, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mfikishie.

Ukanda ukibana, damu inatoka. Ukilegea, damu inakoma. Hilo si jambo la kuambiwa, ni jambo la kuona kwa macho. Kama mtu ameumbwa tofauti na ng'ombe, basi huo ni ubaya wa mtu. (Hapa amegonga meza, wino umemwagika kidogo. Osman.)

Tena sikiliza. Ukifukuzwa kwa maneno yangu, aliyefukuzwa ni mimi, na mimi sijawahi kufukuzwa mahali. Nitachagua ng'ombe mmoja mpole, nichukue mshale na ukanda, nitembee naye mpaka huko Ziwani, nimtoboe mbele ya daktari, na Sista, na hao wapishi. Mama yako nimeshamwambia anipikie ugali wa wimbi wa njiani.

Baba yako,
Ombui

Binti yangu Mokeira, mimi Osman naongeza haya wakati babako anakunywa chai. Nisamehe, nilijaribu. Ng'ombe ameshamchagua kweli, yule mwekundu mwenye pembe moja. Andika upesi. Na mimi nina langu la kuuliza. Kila asubuhi nachinja, na kisu kikipita damu inaruka mpaka inanifikia kanzuni, na hakuna ukanda uliobana shingo hiyo. Nilipomwambia babako, akasema ni kwa sababu ng'ombe wangu wanakufa na hasira. Mjibu wewe, mimi ameshanishinda.


Kando ya Ziwa
4 Aprili 1948

Tata,

Tafadhali usije na ng'ombe.

Nimekaa na Sista jioni baada ya kazi. Si mtu mbaya, ana haraka tu. Amenifungulia kitabu, nami sasa naona mahali tulipoteleza, wewe na mimi pamoja. Mishipa ya damu ni ya aina mbili, na sisi siku zote tulikuwa tunasema "mshipa" kana kwamba ni mmoja.

Moyo ni nyama yenye nguvu inayojikunja na kujikunjua. Ukijikunja unasukuma damu nje, ikapita katika mishipa minene inayoitwa ateri. Hizo ndizo zinazodunda. Shika kifundo cha mkono wako upande wa kidole gumba, utaisikia moja. Ateri zinagawanyika na kugawanyika, mwisho zinakuwa nyembamba kuliko unywele, zinapita katika kila nyama ya mwili na kuilisha. Kisha vijia hivyo vinakutana tena, vinakuwa mishipa mingine iliyo laini, inayoitwa vena, nayo inarudisha damu moyoni taratibu. Vena hazidundi. Unapomtoboa ng'ombe, unatoboa vena. Ateri ya shingo iko ndani zaidi, na ncha ya mshale wako haifiki huko. Mzee wetu wa kale aliyeifanya ncha hiyo kuwa fupi alijua alichokifanya, na nimemwambia Sista hivyo.

Mwambie Mzee Osman kwamba kisu chake kinakata zote mbili kwa pamoja. Inayoruka mpaka kanzuni ni ya ateri. Hasira haimo.

Sasa nakuomba jambo. Mfunge ng'ombe ukanda, uangalie mshipa unatuna upande gani wa ukanda, wa kichwa au wa kifua. Usiniambie ulivyodhani, niambie ulivyoona.

Tumepasua samaki wa Ziwa. Moyo wake una vyumba viwili tu. Damu inasukumwa mara moja, inapita kwenye mashavu kuchukua hewa, kisha inakwenda moja kwa moja mwilini. Chura tukamkuta na vitatu. Kuku, mbuzi, ng'ombe na mtu wana vinne, na kwao damu hupita moyoni mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo mtu hakuumbwa tofauti na ng'ombe, Tata. Ule ubaya wa mtu uufute.

Ila vyumba vinne vinanisumbua. Majina yake naweza kuyaimba kama wimbo wa kanisani, lakini sivioni kichwani. Damu inaingia wapi, inatokea wapi, kwa nini hairudi ilikotoka? Daktari hataki wimbo. Akiniuliza kwa kunigeuzia swali, nitazama. Sifichi tena, maana nimeona kwenu hakuna siri inayokaa.

Mokeira


Kisii mjini
24 Aprili 1948

Mokeira,

Mshipa ulituna upande wa kichwa. Upande wa kifua ukalala bapa.

Nimeutoboa mshipa huo maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza damu ilikuwa inakwenda wapi. Ilikuwa inakuja kibuyuni, na kibuyu kilinitosha. Sasa nimeketi nikafikiri. Damu hiyo ilikuwa inashuka kutoka kichwani, inarudi kifuani, nami nikaizibia njia kwa ukanda. Ikajaa, ikatafuta pa kutokea, nikaipa tundu. Nikilegeza ukanda inapata njia yake ya kawaida, haina tena haja na tundu langu. Ndiyo maana inakoma. Umeona? Mimi sikukudanganya. Wewe ulichukua dawa ya mshipa unaorudi, ukaupa mshipa unaokwenda.

Sasa habari ya vyumba. Nilimwomba Osman moyo wa ng'ombe. Akafikiri nataka kuula, akaanza kuukata vipande, nikamshika mkono. Tukauweka mzima juu ya meza ya bucha pamoja na mabomba yake, nikamwambia lete birika la chai lenye maji.

Nilimimina maji kwenye bomba kubwa, lile nene lenye ukuta mgumu kama mpira. Maji yakakaa. Hayakushuka moyoni hata kidogo. Nikatia kidole ndani, nikakuta vilango vitatu vya ngozi, vimejifunga kwa uzito wa maji yenyewe. Nikaenda upande wa kulia, kwenye bomba laini linaloingia chumba cha juu, nikamimina. Hapo maji yakashuka bila ubishi mpaka chumba cha chini. Nikamwambia Osman minya. Akaminya kwa mikono miwili kama mtu anayekamua nguo. Maji hayakurudi juu, yakatoka kwa nguvu kwenye bomba jingine kabisa, lile linalokwenda mapafuni, yakampiga Osman usoni. (Ni kweli, na wateja walikuwepo. Osman.)

Upande wa kushoto haukupata hata tone. Hapo nikaelewa. Huo si moyo mmoja, Mokeira, ni nyumba mbili zenye ukuta mmoja katikati, kama za wale wake wawili wa jirani yetu Nyasani, ambao hawapeani hata moto wa jikoni. Anayetaka kutoka nyumba hii kwenda ile lazima azunguke nje. Nyumba ya kulia inapokea damu iliyochoka, inaituma mapafuni. Mapafu yanaipa hewa, kama mashavu ya yule samaki wako, yanaituma nyumba ya kushoto. Ya kushoto inaituma mwili mzima, nayo inarudi tena kulia. Na kila mlango unafunguka upande mmoja tu.

Osman akaniuliza kwa nini ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kulia. Nikamwambia, wewe ukituma mtu dukani hapo jirani na ukimtuma Kisumu, nani utampa chakula kingi? Wa kulia anasukuma mpaka mapafuni tu, hapo hapo kifuani. Wa kushoto anasukuma mpaka kwenye kwato.

Mwambie daktari hayo. Akikataa, mwambie aje Kisii, birika lipo.

Ombui

Binti yangu, tangu siku ile bucha langu limekuwa shule. Watu wa sokoni wanakuja kusema, Osman, hebu tuonyeshe moyo unavyotema maji. Babako ndiye mwalimu, mimi naminya. Ladan, binti yangu mkubwa, anacheka mpaka anakaa chini. Osman.


Kando ya Ziwa
9 Mei 1948

Tata, na Mzee Osman,

Nilipoimaliza barua yenu niliisoma tena, nikaenda jikoni, nikaomba moyo wa mbuzi na jagi la maji. Wapishi walinifuata kucheka. Maji yalipowarukia waliacha kucheka, wakaomba niwafanyie tena. Sista naye alikuja kuangalia. Akauliza nimejifunzia wapi, nikasema kwa baba yangu. Sikusema kwa sauti ndogo.

Sasa vyumba navijua. Kimebaki kile cha kwanza kilichoniletea aibu, na nataka tukielewe wote, kwa sababu daktari hawezi kuacha kuniuliza.

Mtu akikatwa ateri, damu ni nyekundu ya kung'aa na inaruka kwa kufuata mapigo. Hiyo inatoka moyoni. Kwanza unabonyeza jeraha lenyewe kwa nguvu. Isipokoma, funga kamba juu ya jeraha, kati ya jeraha na moyo, ukaze mpaka pigo la kifundo cha mkono linyamaze kabisa. Na ukishakaza usilegeze, hata akulilie, mpaka mbele ya daktari.

Hapa kuna hatari moja ambayo Sista aliniambia nikashtuka, kwa sababu ndipo mkono wako, Tata, ungemwua mtu. Kamba ikikazwa nusunusu, kama ukanda wa ng'ombe, ni mbaya kuliko kutofunga. Ateri ina nguvu, inaendelea kuleta damu chini ya kamba. Vena ni laini, inazibwa, damu haina njia ya kurudi. Basi inamwagika yote kwenye jeraha. Ng'ombe wako tunataka atoke damu, kwa hiyo unakaza nusu. Mtu hatutaki. Mkono wako umezoea nusu.

Usikasirike. Mtihani ni katikati ya Juni. Niombeeni, kila mtu kwa njia yake.

Mokeira


Kisii mjini
28 Mei 1948

Dada Mokeira,

Mimi ni Ladan binti Osman. Hatujaonana, ila nakujua kwa barua zako maana husomwa hapa dukani kila mtu akisikia. Naandika mimi kwa sababu baba hawezi kushika kalamu. Yu hai, nakuambia mapema usije ukaogopa njiani.

Juzi Jumatano alikuwa anachambua paja la ng'ombe, amelishika kwa mkono wa kulia, kisu kiko kushoto. Kisu kikateleza kwenye mfupa, kikamwingia mkono wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kiwiko. Nilikuwa mlangoni. Damu iliruka mpaka ukutani, ikatulia, ikaruka tena. Baba alisema tu "Bismillahi," akakaa chini.

Baba yako alikuwa amemleta ng'ombe asubuhi hiyo. Alibonyeza jeraha kwa kiganja chake, damu ikapita kati ya vidole. Akavua ukanda wake wa ngozi, ule wa kazi, akamfunga baba juu ya jeraha. Dada, damu ikazidi. Ilimiminika sasa badala ya kuruka. Mama akapiga kelele, wanaume waliokuwa wamejaa mlangoni wakasema, mlegezee, Mzee, mlegezee, si unaona unamwua. Niliona mkono wa baba yako unakwenda kwenye fundo. Aliushika ukanda akitaka kuulegeza. Halafu akasimama hivi, akasema kwa Kigusii neno ambalo nililielewa: "Mkono wangu umezoea nusu."

Akaomba mti. Nikampa mpini wa ufagio, akauvunja kwa goti, akapitisha kipande chini ya ukanda, akasokota. Baba alilia, na sijawahi kumsikia baba akilia. Baba yako alikuwa na vidole vyake kwenye kifundo cha mkono, anasokota, anasikiliza, anasokota, mpaka akasema, imenyamaza. Na damu ikakoma. Tulipombeba kwenda hospitali ya serikali kuna mtu wetu, tena mkubwa, aliona vidole vya baba vimekuwa vyeupe akataka kufungua kwa nguvu. Baba yako akamwambia kwa Kiswahili chake, "Wewe gusa hapa, mimi nitatoboa wewe." Hakugusa mtu.

Daktari wa hapa aliifunga ateri kwa uzi. Alisema mkono utaishi, kwa kuwa kuna mishipa midogo ya kando ambayo itakua na kupitisha damu badala ya ile. Lakini damu iliyopotea ilikuwa nyingi, na baba alikuwa wa baridi mpaka midomo. Akapima matone yetu kwenye kioo, yangu na ya mama na ya mjomba. Hayakupatana na ya baba. Baba yako akakunja mkono wa shati bila kuitwa. Yake ikapatana. Maalimu wetu wa msikitini alikuwa hapo, akasema kuokoa nafsi ni wajibu, waendelee.

Nikuambie walivyomtoa. Walimfunga mpira juu ya kiwiko, si sana. Mshipa ukatuna. Wakaingiza sindano, damu ikaingia chupani taratibu bila kuruka, na ilipojaa daktari akalegeza mpira kwanza ndipo akachomoa. Baba yako aliangalia kila kitu, akatugeukia wote tuliokuwa pale na kusema, "Mmeona? Ng'ombe hivyo hivyo." Daktari alicheka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka.

Baba amekunywa mchuzi leo. Anakusalimu. Fanya mtihani wako vizuri, sisi huku tumeshaufanya.

Mdogo wako,
Ladan Osman


Kando ya Ziwa
20 Juni 1948

Tata,

Barua ya Ladan ilinifikia kabla ya mtihani. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa.

Niliingia wa nne. Daktari alikuwa na Sista pembeni yake, na mwingine mgeni aliyetumwa kutoka Nairobi. Hakuniuliza majina ya vyumba. Aliniambia, "Chukua tone moja la damu. Nieleze safari yake, na usiruke mahali."

Nikamwuliza, tone la nani? Akasema, lolote. Nikasema basi nitachukua la baba yangu.

Nikasema: tone hili lilitoka kwenye vena ya mkono wa Ombui wa Magwagwa, likaingia chupani, na kutoka chupani likaingia vena ya mkono wa Osman, mchinjaji wa Kisii. Lilikuwa jeusi kidogo, limechoka. Vilango vilivyomo ndani ya vena vikalizuia lisirudi vidoleni, likapanda begani, likashuka kifuani, likaingia chumba cha juu cha nyumba ya kulia. Likashuka chumba cha chini. Moyo wa Osman ulikuwa dhaifu siku hiyo lakini ulijikunja, likasukumwa mapafuni. Huko lilipita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, likatua hewa chafu, likapokea hewa safi, likang'aa. Likarudi nyumba ya kushoto, juu, kisha chini, kwenye ukuta mnene. Moyo ukajikunja, likatoka kwenye bomba kubwa, na mlango ukajifunga nyuma yake. Pale njia ziligawanyika. Matone mengine yalipanda kichwani, Osman akafungua macho. La baba yangu lilikwenda na mengine mkono wa kulia, yakakuta ateri imefungwa kwa uzi, yakatafuta njia za kando, yakafika vidoleni. Halafu nikalipitisha kwenye vena, nikalirudisha moyoni.

Daktari akaandika kitu. Sista akauliza, "Na mtu akikatwa, damu inatoka, utafanya nini?" Nikajua amelileta lile lile. Nikasema, kwanza nitaangalia inaruka au inamiminika, maana dawa zake si moja. Nikawaeleza ya ukanda wa ng'ombe na ya mti uliosokotwa, kwa nini huu unatoa damu na ule unaizuia, na kwa nini nusu yake inaua. Yule mgeni wa Nairobi akasema hajawahi kusikia mwanafunzi akiieleza nusu.

Nimefaulu, Tata. Nimekuwa wa kwanza katika darasa. Sista amenishika mkono mbele ya wote. Kofia nyeupe tutavishwa mwezi wa Agosti, na wazazi wanaruhusiwa kuja. Najiona nimerefuka.

Mokeira wako


Kisii mjini
4 Julai 1948

Mokeira,

Osman ameandika mwenyewe. Ukiona herufi zinalala usicheke, vidole ndiyo kwanza vinaanza kumtii.

Barua yako imesomwa dukani, ikasomwa barabarani, na Jumapili nimeichukua Magwagwa ikasomwa sokoni. Wako wazee walioniambia zamani kwamba kumpeleka msichana kwa wazungu ni kutupa. Niliwaweka mbele kabisa. Nilimwambia msomaji, mahali pa "wa kwanza katika darasa" rudia, watu wa nyuma hawajasikia. Walikuwa wamesikia.

Osman ananiambia tangu apewe damu yangu amekuwa mbishi, jana amegombana na mteja juu ya figo. Anasema kosa ni langu. Mimi namwambia anishukuru, damu ya Ombui sasa inakaa mjini, inauza nyama, na inasali mara tano kwa siku, wakati mimi mwenyewe hata mara moja inanishinda. (Anasema mambo haya mbele ya Maalimu. Osman.)

Agosti nitakuja. Mama yako atakuja. Osman na Ladan watakuja, lori limeshapatikana. Ng'ombe simleti.

Nitasema jambo moja, halafu Osman aifunge barua. Siku ile nilipolala pale na damu yangu inajaza chupa, watu wote waliokuwa wamenizunguka walinionea huruma. Walidhani naogopa. Sikuogopa. Nimetoa damu miaka yote, ya ng'ombe wa kila mtu, ikaingia kibuyuni na kwangu ikaishia hapo. Ile ilikuwa yangu, nami nikalala nikiiangalia inavyotoka, nikasema moyoni, ninaye mtoto anayejua kila mahali inapokwenda. Nimekuwa mtu wa kujisifu tangu ujana, unajua. Lakini ilikuwa mara ya kwanza ninajivuna huku nimenyamaza.

Baba yako,
Ombui